Reonald, Kaka Niliyemuumba kwa Biki

Tangazo kwa umma, kwa wazazi, kwa walimu wa zamu na kwa wote wanaohusika: mimi, Walubengo mwana wa Nyongesa, mwanafunzi wa kidato cha tatu, Mwandishi Mkuu wa Barua za Ruhusa katika bweni letu na mshauri wa siri wa viranja watatu, natangaza rasmi kwamba nimeacha uongo kwa maisha yangu yote yaliyobaki.

Niliacha Jumanne. Leo ni Alhamisi.

Wala sikuuacha kwa sababu nimeokoka. Niliuacha kwa sababu ulinifuata mpaka korti ya Kitale, ukaingia mlangoni kwa miguu miwili, ukiwa umevaa koti la marehemu baba yangu.

Kama magazeti ya wiki zilizopita yalifungiwa sukari kabla hujayasoma, haya ndiyo yaliyokupita.

Baba alikufa Agosti mwaka jana, 1990, kwa homa ya mapafu. Tulimzika kwenye shamba lake la ekari saba huko Kachibora. Aliacha mke mmoja, Peris Nakhungu, ambaye ndiye mama yangu. Aliacha watoto wawili: mimi, miaka kumi na sita, na dada yangu Nekesa, miaka tisa. Hakuacha wosia.

Siku ya tatu baada ya mazishi, ndugu za baba waliotoka Bungoma walikaa uani, kama ilivyo desturi yetu, kusema marehemu ameacha nini na nani atashika nini. Kaka mkubwa wa baba, Papa Khaemba, hakusema mengi. Aliingia ndani, akaliondoa koti la baba kwenye msumari, akalivaa, akatoka nalo.

"Shamba haiwezi kukaa bila mwanaume," akasema. "Mulamwa, usijali. Mimi niko."

Mulamwa kwetu ni shemeji. Mama aliliangalia lile koti la kahawia lenye kifungo kimoja cha kijani, ambacho alikishona mwenyewe baada ya kukosa cha kufanana na vingine. 

Mwezi wa Novemba akaja mtu na kamba ya katani na vigingi. Alipima shamba letu kutoka barabarani hadi mtoni huku akipiga mluzi. Mama aling'oa vigingi vyote kumi na kimoja, akavichemshia chai.

Wiki iliyofuata vilikuwa vimerudi. Vipya. Na kimoja kilikuwa hatua mbili kutoka kaburini.

Siku hiyo mama alifunga kitambaa kichwani, akasema twende kwa serikali.

Karani wa mirathi wa Kitale anaitwa Bwana Leonard Makokha, mtu wa Bungoma, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Papa Khaemba alitukuta hapo kaunta, maana hakuna habari inayompita. Wote wawili wakaulizia jambo moja: nani atapewa karatasi ya kusimamia mali ya Nyongesa.

"Hapa watu wa marehemu wanapanga foleni," Bwana Makokha akasema. "Wa kwanza ni mke. Wakiwa wengi, wote wanasimama hapo mbele. Nyuma yao ni watoto, wale watu wazima. Kama hakuna mke wala mtoto, ndiyo tunaita wazazi wa marehemu. Wazazi wakikosekana, ndugu."

"Na mimi niko wapi hapo?" Papa Khaemba akauliza.

"Wewe, mzee, uko karibu na mlango."

"Huyu Nyongesa nilimbeba mgongoni."

"Sikatai. Lakini foleni haiulizi nani alimbeba nani."

Mimi nilifurahi sana. Kwa mara ya kwanza sheria ya Kenya ilikuwa inafanana na jiko letu la shule, ambako kidato cha kwanza hawawezi kupakuliwa maharagwe kabla ya kidato cha nne hata kama wamefika mapema.

Papa Khaemba akanigeukia.

"Na huyu?"

"Huyu ni mtoto wa marehemu, fungu lake lipo. Lakini kusimamia, hapana. Hajafika miaka kumi na minane."

"Na kama kungekuwa na mtoto mwingine? Mtu mzima?"

"Angesimama nyuma ya mama. Na mama akionekana ana kasoro, korti inaweza kumruka, impe yeye."

Bwana Makokha alisema hivyo bila ubaya wowote, akipuliza vumbi kwenye muhuri. Lakini niliona Papa Khaemba akivaa kofia yake polepole, kama mtu aliyekumbuka mahali alipoacha kitu.

Hapo ndipo tulipoachia wiki jana. Na wiki jana sikuwaambia jambo moja. Naomba mketi.

Nina kaka mkubwa. Anaitwa Reonald.

Alizaliwa nikiwa kidato cha pili, bwenini, saa ya prepu, kwa kalamu ya biki ya buluu. Shule yetu, ambayo sitaitaja kwa heshima ya mkuu wetu, haikuwa ikimwachia mwanafunzi kwenda nyumbani mpaka jamaa yake mtu mzima aandike barua. Baba alikuwa hawezi kuandika barua ya kuniombea nitoroke masomo. Kwa hiyo nilimtafutia mtoto wa kwanza atakayeweza.

Nilimpa kazi kwenye reli, Bungoma. Nilimpa mwandiko wa kuinama. Na ili deputi, yaani naibu wa mkuu wa shule, asishuku, niliitia barua lafudhi ya nyumbani, nikaweka r mahali pa l na l mahali pa r, mpaka karatasi ikanuka Bungoma yenyewe.

"Mimi ni Reonald Nyongesa, mtoto wa kwanza wa Mzee Nyongesa. Naomba luhusa ya ndugu yangu, kwa sababu bibi yetu ameraria kitanda."

Deputi alisoma, akasikitika, akatia sahihi. Rafiki yangu Kipkemboi alicheka mpaka akaanguka kutoka kitanda cha juu.

Reonald aliniombea ruhusa mara sita. Bibi yetu, ambaye alikufa kabla sijazaliwa, alilazwa mara nne.

Baba alipokufa kweli, mkuu wa shule, ambaye ni mtu mwema kuliko ninavyostahili, aliandika barua ya rambirambi kwa Kiingereza kizito: kwa Bwana Reonald Nyongesa, mwana wa kwanza, na kwa familia yote. Mama hasomi Kiingereza. Aliona muhuri wa shule, akaona jina la mumewe, akaitia ile barua ndani ya Biblia.

Sasa, ili mtu asimame kwenye foleni ya Bwana Makokha, lazima alete barua ya chifu inayotaja wote walioachwa na marehemu. Tulikwenda. Chifu alikuwa mgeni, mwezi wa pili kazini, na alikuwa anaamini karatasi kuliko watu.

"Nipe kitu chochote kilichoandikwa kuhusu hawa watoto," akasema.

Mama akafungua Biblia.

Kisha Nekesa akaanza kukohoa na mama akamtoa nje. Nikabaki na chifu, fimbo yake, na barua ya mkuu wangu.

"Huyu Reonald ni mkubwa wenu?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na nafasi ya kutosha, pengine kama ya kumeza mate mara mbili. Lakini ukweli ungefika shuleni kabla yangu, maana chifu alikuwa ameshasema anamfahamu mkuu wetu.

"Ndiyo, afande."

"Ana miaka mingapi?"

"Ishirini na minne."

Akaandika. Kwa Kiingereza, kwa sababu inakwenda kortini. Mama aliporudi, chifu akanisukumia ile karatasi. "Wewe umesoma. Msomee mama yako, akubali, atie sahihi."

Nikamsomea mama barua yote, kwa Kiswahili safi na sauti ya kanisani.

Karibu yote.

Mama akaandika jina lake chini, herufi moja moja, ulimi ukiwa umetokeza kidogo kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Halafu tukaenda kwa mpiga chapa anayekaa nje ya korti, kujaza ile fomu ya ombi. Huko mama alijisemea mwenyewe. "Watoto wangu ni wawili," akasema. "Andika wawili." Mpiga chapa akaandika wawili. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe pembeni, natazama mbuzi.

Jina la baba likatoka kwenye gazeti rasmi la serikali. Mwenye pingamizi akapewa siku thelathini. Siku ya ishirini na sita, Papa Khaemba akaenda kortini akaomba kuona faili, kwa kuwa ni ndugu wa marehemu na ni haki yake. Wanasema alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kwenye mstari mmoja kidole kikasimama.

Alishukuru, akaondoka, akaenda kumuuliza chifu jina hilo alilitoa wapi. Kesho yake alikuwa shuleni kwetu.

Hayo yote nilikuja kujua Jumanne.

Jumanne yenyewe ilianza kwa aibu. Niliomba ruhusa ya kweli, kwa mara ya kwanza, kwa kinywa changu. Deputi akaniangalia juu ya miwani. "Kwa nini kaka yako hajaandika?"

Nikamwambia kaka yangu ana shughuli.

Mama alikuwa amelala Matisi, hapo hapo Kitale, kwa mwenzake wa kanisa ili asichelewe. Nilimkuta kwenye veranda ya korti na Biblia yake, amevaa viatu vya mazishi. Alipoingia kuulizia chumba, Papa Khaemba akaja akasimama kando yangu. Hakuwa na koti. Nakumbuka nilishangaa kwamba hakuwa na koti.

"Warubengo," akasema kwa upole. "Nilipita shuleni kwenu. Deputi ni mtu mzuri, bana. Alinionyesha barua za kaka yako. Moja akanipa kabisa, ati niweke kama ukumbusho."

Akaitoa nusu kutoka mfukoni. Niliujua ule mwandiko wa kuinama. Nikauona kama mtu anavyoona kandambili zake miguuni mwa mwizi.

"Sasa sikiza," akasema. "Ukisema hakuna Reonald, watauliza nani aliandika. Utafukuzwa shule leo leo. Na mama yako ametia sahihi kwamba yuko, kwa hiyo mama yako ni mwongo wa korti. Unajua mwongo wa korti analala wapi?"

"Papa, lakini hayuko."

"Ukinyamaza, yuko. Na sisi wote tuna amani."

Akanishika bega, kama anavyonishika tangu nikiwa mdogo. Mkono ulikuwa na uzito uleule.

Tuliitwa kwenye chumba kidogo cha hakimu. Hakimu ni mama mmoja anaitwa Waruguru, mwenye sauti ya chini inayofanya kila mtu ainame mbele ili asikie. Bwana Makokha alikaa pembeni na faili. Mlangoni alisimama askari mnene, anatazama kucha zake. Mama akaapa kusema kweli. Papa Khaemba akaapa kusema kweli. Mimi sikuapishwa, nikashukuru Mungu.

"Mzee," hakimu akasema, "wewe ni ndugu. Marehemu ana mjane aliye hai. Pingamizi lako linasimama wapi?"

"Mheshimiwa, mimi sikuja kujiombea," Papa Khaemba akajibu. "Nilishaambiwa niko karibu na mlango. Nimemleta mwenyewe, yule ambaye huyu mama alimficha."

Akageuka. "Reonald. Ingia, mwanangu."

Kilichoingia kwanza kilikuwa kifungo cha kijani.

Ndani ya koti la baba kulikuwa na mwanaume mrefu, kama wa miaka ishirini na minne. Mikono ya koti ilimfika sawasawa. Alikuwa amenyoa ndevu vizuri. Alinukia sabuni. Nilikuwa nimempa mwandiko, kazi na bibi mgonjwa, lakini sikuwahi kumpa uso, na sasa alikuwa amejitafutia.

"Jina?"

"Reonald Nyongesa, mheshimiwa."

"Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Kijana yake ya kwanza. Mama yangu alikuwa mtu wa Bungoma, alikufa nikiwa mdogo. Nimelelewa na Papa Khaemba."

Kisha akanigeukia, akatabasamu kwa meno yote.

"Warubengo. Mdogo wangu. Zile luhusa nilikuwa nakuombea, ulikuwa unafika nyumbani salama?"

Mwili wangu wote ukawa kama umemwagiwa maji ya bomba ya saa kumi na moja asubuhi. Mama aliniangalia. Aliniangalia mimi, hakumwangalia yeye.

Hakimu alikuwa na karatasi mbili mbele yake. Akaziweka sambamba.

"Mama Peris. Fomu yako inasema watoto ni wawili. Barua ya chifu inasema watatu, na wa kwanza ni huyu. Chini ya hiyo barua kuna sahihi yako, na maneno kwamba umesomewa ukakubali. Ipi ni kweli?"

"Watoto ni wawili," mama akasema.

"Basi kwa nini ulitia sahihi kwa watatu?"

Mama akaiangalia ile sahihi.

"Nisikilize vizuri," hakimu akasema, na sote tukainama mbele. "Mke ndiye wa kwanza kwenye foleni, na mimi napenda kuanza na wa kwanza. Lakini mke anayemficha mtoto wa marehemu siwezi kumwachia mali ya watu. Nikimruka, anayefuata ni mtoto mtu mzima. Unaelewa hilo linamaanisha nini kwa shamba lako?"

"Naelewa."

Hata mimi nilielewa. Kamba ya katani. Mluzi. Kigingi kando ya kaburi, na safari hii na karatasi ya korti ya kukilinda.

Papa Khaemba akasogeza mbele kadi ya ubatizo, ya rangi ya njano, imekunjwa mara nne. "Ya misheni, mheshimiwa. Ya mwaka wa sitini na saba. Padri Mholanzi aliandika kwa mkono wake."

Hakimu akaisoma, akampa Bwana Makokha aiweke kwenye faili. Bwana Makokha akaitazama. Akaivua miwani yake, akaifuta, akaitazama kadi tena.

"Mheshimiwa, naomba kusema."

"Sema."

"Mimi naitwa Leonard. Nyanya yangu aliniita Reonald mpaka tukamzika. Nyumbani kwetu wote wanasema Reonald, hata mbwa ananijua hivyo. Lakini nilibatizwa na Mholanzi, na Mholanzi hakuniandika hivyo. Hii kadi imeandikwa Reonald."



Hakimu akachukua karatasi tupu na kalamu, akamsukumia mwanaume mwenye koti. "Andika jina lako."

Yule mtu aliinama. Alikuwa amekwenda shule kidogo, na hapo ndipo shule ilipomponza. Aliandika kama alivyofundishwa na mwalimu wake, kwa herufi kubwa za mviringo: Leonard.

"Kadi inasema Reonald," hakimu akasema. "Barua ya chifu inasema Reonald. Mwenye jina anasema Leonard. Nani alinakili kwa nani?"

Jasho lilikuwa limetokea juu ya mdomo wa Papa Khaemba. Lakini hakuwa ameisha.

"Hiyo ni mambo ya spelling, mheshimiwa. Mimi sikuandika barua ya chifu. Hilo jina lilikuwa kwa faili kabla mimi nijue hata rangi ya faili. Muulize mulamwa wangu alilitoa wapi. Sahihi ni yake."

Akaniangalia mimi aliposema hivyo. Akagusa mfuko wake.

Alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya.

"Mama Peris," hakimu akasema. "Mara ya mwisho. Barua hii ulisomewa na nani?"

Mama aligeuza shingo, akaniangalia tena. Mama yangu si mjinga. Hajui Kiingereza, lakini anajua uso wangu tangu siku ulipotoka. Alikuwa amesikia habari ya ruhusa. Alikuwa ameona nilivyoshtuka jina lilipotajwa. Niliona mambo yakipangana ndani ya macho yake, moja baada ya jingine, taratibu, kama anavyopanga magunzi.

Nikamngojea aseme jina langu.

"Sikusomewa," mama akasema. "Nilisoma mwenyewe."

Papa Khaemba alicheka kupitia puani.

Hakimu akanyoosha mkono, akampa ile barua. "Haya. Nisomee."

Mama akaishika kwa mikono miwili. Midomo yake ikatikisika. Macho yakapita juu, yakashuka, yakazunguka kama mtu aliyepotea sokoni, mpaka yakafika chini kabisa.

"Na-khu-ngu," akasoma.

Hakukuwa na kingine alichoweza.

Askari aliacha kutazama kucha zake.

"Mama," hakimu akasema, na sauti yake ikashuka zaidi, "umeapa mbele yangu. Ukirudia kwamba ulisoma mwenyewe, nitamwita huyu askari, na hatutazungumza tena habari ya foleni. Umeisoma wewe?"

Mama aliikunja ile barua vizuri, kwenye mikunjo yake ya zamani.

"Nilisoma mwenyewe," akasema.

Nilisimama. Sikumbuki nikiamua kusimama. Nakumbuka tu benchi lilipiga kelele na kila mtu akageuka, pamoja na Reonald.

"Mheshimiwa, ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Katika maisha yangu nimejitetea mbele ya walimu kumi na wawili, na daima nilikuwa na hotuba. Nilitafuta hotuba. Hakuna iliyokuja.

"Huyo mtu simjui," nikasema. "Lakini Reonald namjua. Nilimtunga mimi, shuleni, ili niwe napewa ruhusa. Barua moja iko mfukoni mwa Papa Khaemba. Ni mwandiko wangu. Mkuu wa shule alidhani yupo. Chifu alidhani yupo. Chifu aliponiuliza nilisema yupo, nikamtajia na miaka."

Papa Khaemba alifunika mfuko kwa kiganja.

"Askari," hakimu akasema bila kugeuka. "Funga mlango. Asitoke mtu."

Mlango ukafungwa. Mwanaume mwenye koti alianza kufungua vifungo, taratibu, kuanzia cha juu.

"Na barua ya chifu?" hakimu akaniuliza.

"Nilimsomea mimi."

"Yote?"

"Niliruka mstari mmoja."

"Ulijua mama yako anakwenda kutia sahihi?"

"Nilijua."

Aliandika kitu kirefu. Sikuweza kuona ni nini, wala kama kilikuwa cha Papa Khaemba, cha mama au changu. Kisha akaichukua ile barua kutoka kwa mama, akainyoosha, akainua mkono nayo mpaka ikanifikia.

"Msomee sasa. Kwa Kiswahili. Ule mstari uliouruka."

Barua ilikuwa bado na joto la mikono ya mama. Mstari wenyewe ulikuwa wa juu kabisa, kabla ya jina langu, kabla ya jina la Nekesa. Sauti ya kanisani ilikataa kuja. Nikasoma kwa ile iliyobaki.

"Wa kwanza, Reonald Nyongesa, mwana wa kiume, miaka ishirini na minne."

Mama aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho, kama mtu anayeletewa habari ya msiba.